Wimbo Ulio Shahidi: Muziki wa Kikristo Mbele ya Makosa ya Kanisa la Leo

Katika sura ya 31 ya Kumbukumbu la Torati, Musa anapewa agizo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: aandike wimbo, awafundishe Waisraeli wote na kuuweka vinywani mwao, ili siku watakapokuwa wameshiba na kunenepa na kuligeuzia agano kisogo, wimbo huo uwe shahidi dhidi yao. Kitabu cha sheria kiliwekwa kando ya sanduku la agano chini ya ulinzi wa Walawi. Wimbo haukuhitaji mlinzi, kwa kuwa ulikaa katika kumbukumbu za watu wenyewe na ulitarajiwa kudumu vinywani mwa wajukuu zao. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa uchambuzi wowote wa nafasi ya muziki wa Kikristo mbele ya makosa ya kanisa. Katika mahubiri, waraka wa askofu au makala ya gazeti, anayekaripiwa husikiliza tu, na akitaka anaweza kusinzia; katika wimbo hulitamka karipio kwa sauti yake mwenyewe, hulirudia hadi alijue kwa moyo, na huondoka nalo nyumbani bila kupenda.

Makosa ya kanisa la leo katika Afrika Mashariki waumini wanayajua, na baadhi yake yameacha makaburi. Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana walipokimbilia mafuta ya upako katika mkutano wa injili. Tangu Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliohusishwa na kanisa moja, na uchunguzi ulionyesha kwamba wengi wao walikufa njaa. Kabla ya hapo, Februari 2008, baada ya damu iliyomwagika kufuatia uchaguzi, Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya liliungama hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande za kisiasa badala ya kuwa wapatanishi. Nyuma ya matukio hayo mazito yapo makosa ya kila Jumapili yasiyofika magazetini: injili ya mafanikio, yaani fundisho kwamba sadaka ni mbegu ambayo mtoaji ataivuna kwa fedha, nyumba au ndoa; mimbari inayoachiwa wanasiasa; mapato ya sadaka ambayo hesabu zake hazisomwi; na marehemu anayenyimwa ibada ya mazishi kwa sababu alikuwa nyuma katika michango. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba muziki unao uwezo wa kuyafikia makosa haya mahali ambapo vyombo vingine vya kanisa haviyafikii, lakini uwezo huo hautokani na ukali wa maneno. Unategemea zaidi mkono unaomlisha mwimbaji, na kama mwimbaji mwenyewe amekubali kuhesabiwa miongoni mwa wakosaji.

Manabii wa Agano la Kale waliujua uwezo huu wa wimbo kwa undani. Isaya, katika sura ya 5, anaanza kama mwimbaji wa sherehe, akimwimbia mpendwa wake wimbo wa shamba la mizabibu lililolimwa, likatolewa mawe na kujengewa mnara. Wasikilizaji wanaburudika, wanaombwa waamue kati ya mkulima na shamba lake, na ndipo wanapoambiwa kwamba shamba hilo ni wao. Nguvu ya utunzi huo imo katika mpangilio wake, kwa kuwa hukumu inamfikia msikilizaji akiwa amekwisha kuikubali haki yake. Amosi naye alikwenda mbali zaidi, akauweka muziki wenyewe kizimbani: katika sura ya 5 Mungu anaukataa mlio wa vinanda na kelele za nyimbo mahali ambapo maskini anauzwa, na katika sura ya 6 wanaotajwa kuwa wametulia Sayuni, wakila wanakondoo na kulala juu ya vitanda vya pembe, ni hao hao wanaojitungia nyimbo na kubuni ala kama Daudi. Kwa hiyo haitoshi kuuliza jinsi muziki unavyoweza kulisahihisha kanisa, kana kwamba muziki unasimama nje ukilitazama. Muziki mzuri, uliopangwa vyema na kupigwa kwa ustadi, unaweza kuwa ndio pazia linalolifunika kosa.

Jamii za Afrika Mashariki hazikuhitaji kufundishwa na mtu yeyote kwamba wimbo unaweza kusema yale ambayo mdomo mtupu hauthubutu. Pwani, kusuta ni desturi yenye taratibu zake, ambapo kundi la wanawake humwendea aliyekosa wakamwimbia kosa lake mbele ya majirani. Taarabu ililea fumbo na jibu la fumbo. Bara, ngoma za mashindano za Wasukuma zilimpa mtunzi ruhusa ya kumtaja mtemi mchoyo au kijana mvivu bila kuhesabiwa mkosefu wa adabu. Ruhusa hiyo haikuingia kanisani. Wamisionari wengi waliziona ngoma kuwa mabaki ya upagani, wakazizuia, na mahali pake wakaweka nyimbo zilizotafsiriwa, ambazo mpaka leo ndizo uti wa mgongo wa vitabu kama Tenzi za Rohoni. Sehemu kubwa ya nyimbo hizo ilitokana na uamsho wa Uingereza na Marekani wa karne ya 19, na zimewabeba waumini katika misiba, vita na njaa, jambo ambalo hakuna mchambuzi mwenye haki atakayelidharau. Hata hivyo mwenendo wake ni wa nafsi moja iliyo safarini kuelekea mbinguni, ikililia dhambi yake na kushukuru kuokolewa kwake. Kanisa lenyewe, kama chombo kinachomiliki ardhi, fedha, shule na madaraka, halionekani ndani yake likikosa. Muumini alirithi maneno mengi ya kutubu kwa ajili ya moyo wake, na machache sana ya kutubu kwa ajili ya baraza la wazee.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Desemba 1963 kuhusu liturujia, uliufungulia mlango muziki wa asili wa watu wa nchi za misheni, na mwaka huo huo Padri Stephen Mbunga wa Tanganyika alichapisha utafiti wake juu ya sheria ya kanisa na muziki wa Kibantu. Ngoma na kayamba zikaingia kanisani. Lakini kilichoingia kilikuwa zaidi ni mapigo na mizani, na ile ruhusa ya mtunzi kumwambia mkubwa ukweli ikaendelea kubaki mlangoni. Tanzania iliongeza sababu nyingine: baada ya Azimio la Arusha la 1967, uimbaji wa kwaya wa sauti nne, uliolelewa na misheni, ulichukuliwa na shule, majeshi, mashirika ya umma na chama, ukawa njia rasmi ya kusifu sera na viongozi. Kizazi kizima cha walimu wa kwaya kilijifunza utunzi katika mazingira ambamo wimbo mzuri ni ule unaomfanya mgeni wa heshima atikise kichwa kwa kuridhika, na mazoea hayo hayakukoma mtunzi alipoingia kanisani Jumapili.

Katika historia ya kanisa la eneo hili, mfano wenye uzito kuliko yote wa wimbo uliolisuta kanisa ni ule wa Balokole, yaani waliookoka, waumini wa uamsho uliochipuka miaka ya 1930 kutoka Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Wimbo wao, Tukutendereza, ni kiitikio cha Kiganda ambacho Wakikuyu, Wahaya na Wajaluo walikiimba bila kukitafsiri. Maneno yake hayamtaji askofu wala hayagusi fedha. Ni ya kumtukuza Yesu na damu yake. Ila kilichoupa meno ni mahali ulipoimbwa. Katika mkutano wa ushirika mtu alisimama na kuungama mbele ya wote, akataja deni alilokana, mali ya shule aliyoichukua, chuki yake kwa kabila jingine, na wapo wamisionari wazungu walioungama kiburi cha rangi mbele ya Waafrika waliokuwa chini ya amri yao. Alipomaliza, waliokuwapo walimkumbatia na kuanza kuimba. Wimbo ukawa muhuri wa ungamo, na mahali hapo cheo kilipungua uzito kwa muda. Uongozi ulielewa hatari yake: mwaka 1941 wanafunzi 26 wa uamsho, akiwamo William Nagenda, walifukuzwa katika Chuo cha Theolojia cha Askofu Tucker, Mukono, walipokataa kuacha sala zao za alfajiri na mahubiri yao dhidi ya dhambi walizoziona chuoni. Hawakuhama kanisa. Walibaki ndani yake, wakiimba, na uamuzi huo wa kubaki ndio uliowafanya wasiweze kupuuzwa kama kundi la waasi wa nje.

Mipaka ya uamsho huo nayo inapaswa kusemwa. Ungamo la Balokole lilikuwa la mtu mmoja mmoja na la dhambi zinazotajika kwa jina moja moja. Uonevu uliojengwa katika vyeo, shule na vitambulisho vya kabila haukuwa na mtu wa kusimama na kuuungama. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari nchini Rwanda, nchi ile ile ulikoanzia uamsho, watu waliokimbilia ndani ya makanisa waliuawa humo. Hakuna wimbo unaoweza kulaumiwa kwa mauaji hayo, lakini yanaonyesha kwamba jamii inaweza kuimba toba kwa dhati kwa miongo sita bila kulifikia kosa lake kubwa kuliko yote.

Pengo la aina hiyo limeonekana kwingineko pia, na kwa mtunzi mwenye jina kubwa. John Newton, aliyepata kuwa nahodha wa meli za watumwa, aliacha kazi ya bahari mwaka 1754, akawa kasisi wa Anglikana, na wimbo wake kuhusu neema ya ajabu, Amazing Grace, ulitumika mara ya kwanza katika ibada ya mwaka mpya wa 1773 huko Olney, Uingereza, kabla ya kuchapishwa 1779. Wimbo huo unakiri upotevu wa mtunzi bila kuitaja biashara iliyompoteza. Newton aliandika waziwazi dhidi ya biashara ya watumwa mwaka 1788, katika kijitabu cha nathari, miaka 15 baada ya wimbo kuanza kuimbwa na katika wakati ambapo wapo Wakristo waliokuwa wakiimba neema asubuhi na kusoma hesabu za shehena za watu jioni. Toba isiyotaja jambo lenyewe humpa mwimbaji machozi, ikamwachia mali yake kama ilivyokuwa.

Kwa nini basi watunzi wa leo, wanaoyaona makosa ya kanisa kwa karibu kuliko mtu mwingine yeyote, huyataja mara chache hivi? Sehemu ya jibu imo katika jinsi muziki wa injili unavyogharimiwa, na hakuna mahali panapoonyesha jambo hili vizuri kama uzinduzi wa albamu. Kwaya huandika barua ya kumwomba mgeni rasmi, ambaye kwa kawaida ni mbunge, waziri au mfanyabiashara. Kadi za mwaliko husambazwa. Siku ikifika hucheleweshwa hadi mgeni afike na msafara wake. Risala husomwa, ikitaja vinanda, spika na sare ambazo kwaya haina. Kisha nakala ya kwanza ya albamu huinuliwa, na mgeni rasmi huinunua kwa mamia ya maelfu au mamilioni ya shilingi, wageni wengine wakifuata kwa viwango vya vyeo vyao, huku msema chochote akitangaza jina na kiasi. Mchungaji huwa ameketi meza kuu. Si haki kuwalaumu wanakwaya, ambao wengi wao ni walimu, mama ntilie na vijana wasio na ajira wanaofanya mazoezi mara kadhaa kwa wiki bila malipo. Lakini mtunzi anayejua kwamba studio italipiwa na meza ile hawezi kuleta wimbo unaouliza fedha za meza ile zimetoka wapi. Hahitaji kukatazwa, kwa kuwa beti hizo hazifiki hata kwenye daftari lake.

Tukio la Novemba 2024 jijini Nairobi lilidhihirisha jinsi kwaya ilivyo karibu na mfuko wa mwanasiasa. Rais William Ruto alipohudhuria ibada katika Kanisa Katoliki la Soweto, Kayole, alitoa shilingi 600,000 kwa ajili ya kwaya na watoto wa shirika la Utoto Mtakatifu na milioni 2 kwa ujenzi wa nyumba ya mapadri, pamoja na ahadi ya milioni 3 nyingine. Siku iliyofuata Askofu Mkuu Philip Anyolo aliagiza fedha hizo zirudishwe na ahadi ikataliwe, akieleza kwamba kanisa halipaswi kutumiwa kisiasa. Uamuzi huo ulikuja miezi mitano baada ya vijana wa Kenya kuandamana dhidi ya Muswada wa Fedha na kuyageukia pia makanisa, wakidai kwamba mimbari zimeuzwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba kwaya ilitajwa katika mgawo huo kama idara yenye fungu lake. Mwanasiasa mwenye uzoefu anajua kwamba anayeigharimia sauti ya ibada amegharimia pia ukimya wake.

Wapo waliojaribu kuukata mshipi huo unaoufunga wimbo na mfuko. Nchini Marekani, Keith Green, mwimbaji aliyelikaripia kanisa la nchi yake kwa usingizi na starehe katika albamu yake No Compromise ya mwaka 1978, aliona kwamba karipio lake linapingana na bei iliyobandikwa kwenye kasha; aliomba kuachiliwa kutoka mkataba wa kampuni ya kurekodi, na albamu yake ya 1980 aliitoa kwa kiasi chochote ambacho mtu angeweza kulipa, hata bure. Alikufa katika ajali ya ndege Julai 1982, akiwa na umri wa miaka 28, na nyimbo zake kali huaminika mpaka leo kwa sababu wasikilizaji wanajua hazikumtajirisha. Nchini Kenya, Juliani, aliyekulia Dandora na kuanza katika kundi la Ukoo Flani Mau Mau, alileta rapu ya Sheng, lugha ya vijana wa mitaani, katika imani, na jina la albamu yake ya 2011, Pulpit Kwa Street, yaani mimbari kwa mtaa, lilitosha kueleza shauri lake na kanisa linaloongea likiwa limejifungia ndani. Uhuru wake ulitokana kwa kiasi na kutotegemea mwaliko wa makanisa. Soko lake lilikuwa mtaa. Lakini hapo ndipo penye gharama ambayo haizungumzwi vya kutosha: wimbo unaolisuta kanisa kutoka mtaani hauimbwi na usharika Jumapili. Unasikilizwa na vijana ambao tayari wana manung'uniko, wakati mzee wa kanisa aliyelengwa hajawahi kuusikia.

Ndani ya kanisa, nafasi ya wimbo wa namna hiyo imezidi kufinywa na mtindo wa kusifu na kuabudu, yaani kipindi kirefu cha nyimbo laini zenye beti fupi, kinachoongozwa na waimbaji wachache wenye vipaza sauti, na ambacho katika miji mingi kimechukua muda uliokuwa wa kwaya na tenzi. Nyimbo hizi humwelekea Mungu peke yake, kwa nafsi ya kwanza umoja, na uzuri wake ni kwamba humrudishia muumini ukaribu wa maombi. Wimbo wa kwaya wa Kitanzania wa zamani ulikuwa na mwelekeo mwingine: ulimgeukia msikilizaji, ukamsimulia Nuhu na majirani zake au tajiri na Lazaro, ukamwonya, ukamuuliza alikokuwa. Kwaya kadhaa za usharika mmoja, ya vijana, ya akina mama, ya uinjilisti, zilipangwa kuimba kati ya masomo na mahubiri, na mwalimu wa kwaya mwenye elimu ya darasa la saba aliweza kwa dakika tano kuwa mhubiri mbele ya mchungaji wake. Kuupoteza mwelekeo huo ni hasara kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu ibada ambamo kila wimbo unamwambia Mungu jinsi alivyo mwema haina tena mahali ambapo waumini wanaambiana ukweli.

Haitoshi, hata hivyo, kurudisha nyimbo za kuonya. Nyingi kati ya hizo huwaonya walevi, wazinzi na wanaofuata waganga, watu ambao kwa sehemu kubwa hawamo kanisani, au huwasema manabii wa uongo kwa maneno ambayo kila nabii anaweza kuyaimba akimfikiria jirani yake. Wimbo wa kuwasema wao ni kusuta kwa kawaida, na kusuta, kwa ufanisi wake wote, kunamwacha msutaji akiwa msafi. Biblia ina mfano wa kuthubutu zaidi. Kichwa cha Zaburi ya 51 kinaeleza kwamba ni ya Daudi, nabii Nathani alipomwendea baada ya habari ya Bathsheba, na kabla ya hayo kinaiweka zaburi hiyo mikononi mwa mwimbishaji, yaani kiongozi wa waimbaji. Aibu ya ikulu, iliyohusisha mke wa mtu na mauaji ya askari mwaminifu, ilipelekwa kwa mwalimu wa kwaya ili ifundishwe na kuimbwa hadharani, na taifa likapewa kuimba kosa la mkuu wake kana kwamba ni lake. Karibu theluthi moja ya Zaburi zote 150 ni maombolezo, nyimbo za kulia, kuuliza na kukiri, ilhali katika ibada nyingi za leo mtu anaweza kuhudhuria mwaka mzima bila kuombwa kuimba hata moja.

Vifaa vya kuanzia vipo. Zaburi ya 51 huimbwa kama wimbo wa katikati katika misa ya Jumatano ya Majivu, na majuma ya Kwaresima yametengwa kwa ajili ya toba katika makanisa ya Kikatoliki, Kianglikana na Kilutheri, wakati ambapo mtunzi hawezi kuambiwa kwamba huzuni si mahali pake. Kinachokosekana ni beti zinazosema sisi na kutaja jambo: sisi tuliomzika mwenzetu bila ibada kwa sababu ya michango, sisi tuliompisha mgombea mimbarini, sisi tuliouza mafuta kwa mgonjwa. Beti hizo zinahitaji mwalimu wa kwaya atakayezitunga, na zinahitaji pia mchungaji atakayeziruhusu akijua kwamba naye ataziimba, na usharika utakaonunua kinanda kwa sadaka zake wenyewe ili kwaya isilazimike kuandika barua ya kumwomba mgeni rasmi.